SIKU TATU MJINI NA WATOTO: MFANYAKAZI NAYE ANASTAHILI



Kila tunapokaa hapa Kwapa baada ya kazi na kuzungumza juu ya likizo, mazungumzo huishia pale pale. Mmoja atasema likizo yake aliitumia kwa kupalilia mihogo. Mwingine atasema aliitumia kwa matanga. Wa tatu atasema aliiuza kwa mwajiri wake apate karo ya watoto. Sijasikia hata mmoja akisema alichukua siku tatu akaenda na mkewe na watoto kutazama mji, wakala samaki, wakalala, wakarudi. Nilipotaja jambo hilo mwezi uliopita, mzee mmoja dereva wa lori alinicheka. "Kijana wangu," alisema, "hayo ni mambo ya wazungu na mawaziri."

Nampa heshima yake yule mzee, lakini sikubaliani naye. Nataka kueleza kwa nini, na pia jinsi safari ya namna hiyo inavyoweza kufanywa na mtu wa mshahara wetu.

Nianze na haki yenyewe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 7 za likizo yenye malipo kamili kwa kila miezi 4 ya kazi mfululizo, yaani siku 21 kwa mwaka. Ng'ambo ya mpaka, Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inatoa siku za kazi zisizopungua 21 baada ya miezi 12. Sheria ya Uganda inasema wakati wa kuchukua likizo ni wa kupatana pande mbili. Ndugu zangu, kupatana maana yake siyo msimamizi kukuambia "ngoja msimu upungue" miaka miwili mfululizo. Hapa mpakani msimu haupungui, malori hayajui mwezi wala sikukuu.

Upo pia Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 132 wa mwaka 1970, ambao Kenya iliuridhia. Mkataba huo unasema likizo isipungue wiki tatu. Kwamba ikigawanywa, sehemu moja iwe wiki mbili za kazi bila kukatizwa. Na kwamba mapatano yoyote ya kuiacha likizo hiyo ya chini, kwa fedha au kwa namna nyingine, yawe batili au yapigwe marufuku. Mwenye kuajiriwa upande wa Uganda asiutaje mbele ya mwajiri kana kwamba ni sheria yake, ila autumie kama kipimo. Tazameni hesabu yake ilivyo nzuri: wiki mbili mpe mama yako, shamba na matanga. Zinabaki siku 7. Katika hizo 7 naomba tatu tu kwa ajili ya watoto wadogo.

Wako watakaosema vibarua hawana hata hizo 7. Ni kweli, na jambo hili linauma. Kanuni za Ajira za Uganda za mwaka 2011 zinakataza kumweka mtu katika ukibarua kupita miezi 4, na miezi 4 ndiyo ile ile inayozaa siku 7 za likizo. Ndiyo maana wako waajiri wanaomwondoa kibarua katika wiki ya kumi na tano na kumrudisha baada ya siku chache, kama kwamba ni mtu mpya aliyeshuka kutoka mwezini. Wenye kufanyiwa hivyo waandike tarehe zao katika daftari na kuzileta kwa mwakilishi wao. Bila tarehe, tawi halina cha kushika.

Sasa nirudi kwa yule mzee na wazungu wake. Hata huko kwa wazungu mfanyakazi hakuzaliwa na likizo. Huko Ufaransa wafanyakazi walipata siku 15 za likizo ya malipo kwa sheria mwaka 1936, baada ya migomo mikubwa ya viwandani, na mwaka huo huo nauli ya treni ikapunguzwa kwa asilimia 40 kwa ajili yao. Watu waliofanya kazi miaka 30 waliiona bahari kwa mara ya kwanza. Nao waliambiwa na matajiri wao kwamba hayo ni mambo ya wenye mali.

Sisi mji uko karibu kuliko bahari ilivyokuwa kwao. Tororo tunauona kila siku, na mlima wake wa jiwe watoto wakubwa waweza kuupanda, ingawa kule juu kuna ngazi ambazo mtoto wa miaka 4 hazimfai. Mbale hapako mbali. Jinja kuna mto Nile unaotoka ziwani, na bwawa la umeme lililofunguliwa mwaka 1954. Lakini mimi nilichagua Kisumu, kwa sababu watoto wangu walitaka kuvuka mpaka ambao baba yao huutaja kila jioni. Tena Kisumu siyo ugenini sana. Reli ilipofika pale mwaka 1901, mahali pale palikuwa upande wa Uganda. Pakahamishiwa upande wa pili mwaka 1902. Wazee wa chama hupenda sana kusikia habari hiyo.

Lazima nikiri kwamba safari yangu ya kwanza iliharibika, na mharibifu nilikuwa mimi mwenyewe. Niliomba siku moja tu ya ruhusa nikaiunganisha na Jumapili. Nikaandika karatasi kama ratiba ya malori: saa tatu makumbusho, saa tano hifadhi ya wanyama, saa saba samaki, saa nane mashua, saa kumi soko, jioni kwa shemeji. Tuliondoka alfajiri watoto wakiwa hawajashiba usingizi. Kabla ya kufika Ugunja yule mdogo alikuwa ametapika mara mbili, moja ikiwa juu ya kikapu cha mama mmoja ambaye, Mungu ambariki, alisema tu "pole baba." Kufika saa saba nilikuwa navuta watoto kwa mkono huku nikiwagombeza wafurahi. Mke wangu aliniambia, "Baba Opio, wewe umetuleta kazini." Sikuwa na jibu.

Safari ya pili tulikwenda siku tatu, na kila siku tulipanga jambo moja. Siri yote iko hapo, na ningependa wenzangu waizingatie kuliko mengine nitakayosema. Mtoto wa miaka 3 au 5 hahesabu mahali alipofika. Huhesabu kama alishiba, kama alilala, kama baba alikuwa na hasira. Asubuhi ana nguvu, saa saba amechoka, na jua la Kisumu ni kali kuliko letu. Basi jambo la siku lifanywe asubuhi. Adhuhuri watu walale. Jioni watembee polepole tu.

Siku ya kwanza ilikuwa ya njia peke yake. Tulikunywa chai nyumbani kama kawaida, tukashuka Busia bila haraka. Njia ya kwenda Kisumu hupita Bumala, Ugunja, Yala, Luanda na Maseno, kilometa mia moja na kidogo. Lipia kiti kimoja zaidi, ndugu yangu. Najua inauma. Lakini watoto wawili mapajani kwa masaa yote hayo ndiyo sababu ya kutapika na ya ugomvi wa wazazi. Karibu na Maseno barabara inavuka ikweta na pana alama yake. Mwoneshe mtoto dirishani. Binti yangu aliuliza kama dunia imefungwa kamba hapo.

Siku ya pili asubuhi ilikuwa makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980. Hapo pana nyoka, mamba, makobe na samaki wa ziwa, na pamejengwa boma zima la Kijaluo lenye nyumba za wake na ghala. Watoto wa kwetu, Wateso, Wajopadhola na Wasamia, walilitambua mara moja na kuanza kubishana mlango wa bibi ni upi. Tulikaa kwa makobe peke yake karibu saa nzima. Zamani ningewavuta twende mbele. Safari hii nilikaa kwenye jiwe nikatazama kobe, na nathubutu kusema sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa saa nzima bila kusaini karatasi ya mtu.

Jioni tulikwenda Dunga ufukweni, tukala ngege. Mashua zipo, lakini usimpandishe mtoto bila jaketi la kumwelesha, hata mwenye mashua akiapa kwamba ziwa limetulia. Wala usimwache achezee majini ukingoni, maana kichocho kiko katika ziwa hili. Usiku tulilala chini ya neti. Nyumba ya wageni iulizwe mambo matatu kabla ya bei: kama neti ni nzima, kama iko mbali na baa na stendi ya magari, na kama jamaa nzima italala chumba kimoja.

Anayependa wanyama aende Hifadhi ya Impala, ambayo iko pale pale mjini kando ya ziwa. Swala hutembea na simba yuko kizimbani. Ila ajue kwamba hifadhi za wanyama za Kenya hazipokei noti langoni, malipo ni kwa simu au kwa kadi, na mtu wa upande wetu asiye na laini ya Kenya atafute mwenzake wa kumlipia. Kitambulisho usikiache. Katika makumbusho raia wa Afrika Mashariki hawalipishwi sawa na mtalii wa kutoka mbali.

Kuhusu mpaka wenyewe, tangu mwaka 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Mtoto hana kitambulisho hicho, kwa hiyo chukua cheti chake cha kuzaliwa, na kama unasafiri na watoto peke yako chukua barua ya mzazi mwenzako. Kituo cha pamoja cha Busia kilizinduliwa rasmi mwaka 2018, na shughuli za nchi mbili hufanywa chini ya paa moja, upande ule unaoingia. Wako wenzetu wanaoona aibu kupita hapo kwa sababu wamezoea kupita njia za panya. Ukiwa na watoto usifanye hivyo. Mtoto akiugua Kisumu, utataka karatasi zako ziwe sawa.

Jambo moja tena la faida kwetu watu wa mpakani. Tarehe 26 Januari, 8 Machi, 3 Juni na 9 Oktoba ni sikukuu za serikali Uganda, lakini Kenya ni siku za kazi. Siku hizo mfanyakazi wa Uganda ana mapumziko yenye malipo, na Kisumu ina nafasi. Sikukuu ikiangukia Ijumaa au Jumatatu, basi ukiongeza siku moja tu ya likizo umepata siku tatu na zaidi. Na mwajiri akikuita kazini siku ya sikukuu, sheria inataka akulipe siku nyingine ya mapumziko, isipokuwa kama amekulipa maradufu kwa siku hiyo.

Fedha zitatoka wapi? Swali hili ni la haki. Sisi tuliweka kidogo kidogo kwa muda wa miezi saba katika chama cha akina mama cha mke wangu. Tulibeba chapati, mayai na maji. Hatukununua nguo wala zawadi za majirani, na kwa hilo nilisemwa sana. Mwenye mshahara usiotosha hata kwa chakula simwambii aende Kisumu. Kwake dai la kwanza ni mshahara, na nitasimama naye. Lakini tusikubali hoja kwamba, kwa vile mshahara ni mdogo, likizo nayo ni upuuzi. Hoja hiyo ndiyo waajiri wanayotuwekea mdomoni, nasi tunaitamka kama yetu.

Yule mzee dereva, mwezi Mei mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, alikaa katika foleni ya Malaba siku baada ya siku akilala ndani ya lori. Nyumba yake haiko mbali na pale, lakini hakuweza kuifikia. Mtoto wake wa mwisho alikuwa na miaka 4. Leo ana miaka inayotosha kwenda matembezini na rafiki zake, na hamhitaji baba kumwonesha kobe. Nilipomkumbusha habari hiyo hakucheka tena. Aliniuliza nauli ya Busia hadi Kisumu ni kiasi gani.

Katika mkutano ujao wa tawi nitaleta hoja kwamba orodha ya likizo ya mwaka mzima ibandikwe ukutani kila mwezi Januari, ikiwa na sahihi ya mwajiri na ya mwakilishi wetu, ili kila mmoja ajue siku zake mapema na aanze kuweka akiba. Naomba mwenye kuniunga mkono ampe katibu jina lake kabla ya mkutano.