VINYAGO SI WAPIGA SALUTI

Ndugu wanachama, huku Lutindi wako wasemao kwamba vinyago vya Wamakonde visialikwe katika sherehe za Chama. Wengine waviita ushenzi. Wengine wasema ni ngoma ya wageni, na sisi Wazigua na Washambaa tunayo mdumange yetu, yatosha.

Hebu tuulize wageni hao walifikaje. Mkonge uliletwa Tanganyika mwaka 1893, na mashamba ya Korogwe yakataka mikono. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma wakiikimbia shokoa ya Mreno, wakaja kukata mkonge ule ule waliokata babu zetu. Ngoma zao walikuja nazo, maana mzigo huo haulipiwi nauli.

Lipiko huchongwa kwa mti mwepesi, likavaliwa kichwa kizima. Mchezaji huona kwa tundu la mdomo, na mwili wote hufunikwa nguo hata usimjue kuwa ni jirani yako. Mwingine hupanda mironjo akawa mrefu kupita watu wote, watoto wakatawanyika. Mambo ya jando yaliyomo humo si kazi yetu kuyaeleza gazetini. Lakini jambo moja ni wazi: aliyefichwa uso husema asiloweza kusema mwenye uso. Wakati wa Mreno walichonga hata sura za mabwana wakubwa, watu wakacheka. Wachewa wa Nyasaland, ndiyo Malawi ya leo, katika Gule Wamkulu wanaye Simoni, mwenye uso mwekundu kama Mzungu aliyeunguzwa na jua. Wamisheni waliipiga vita ngoma hiyo miaka mingi. Mwaka 2005 UNESCO ikaitangaza kuwa urithi wa wanadamu.

Hofu yetu sisi ni nyingine. Twawaalika wachezaji, twawasimamisha juani tangu asubuhi wakimngoja mgeni rasmi. Akifika wacheze dakika tano, wapewe soda moja moja, waende zao. Kinyago kilichozoea kumcheka bwana mkubwa sasa kinampigia saluti! Hilo twalikataa.

Viongozi wa matawi, katika sherehe ijayo wapeni wachezaji nauli, chakula na kivuli. Wapeni saa nzima. Na ikiwa kinyago kitatoka na kitambi na miwani, kikatembea kama mmoja wetu, asiinuke mtu kukikatiza. Naye aliyeketi meza kuu acheke pamoja na wenzake.