"Haina Sumu" Si Jibu kwa Aliyepewa Figo na Nduguye

Wizara ya Afya imeamua tiba asili iingie katika hospitali za rufaa za mikoa, na baadhi ya hospitali zimekwisha kuanza. Wengi wameupokea uamuzi huo kwa makofi. Kwa mtu mwenye kikohozi pengine hakuna neno. Lakini lipo kundi dogo ambalo kwalo mlango umefunguliwa kabla sharti halijabandikwa mlangoni, nalo ni la watu waliopandikizwa figo. Sharti lenyewe ni fupi: mtu huyo asipewe wala asiuziwe kirutubisho au dawa ya mitishamba, iwe hospitalini, dukani au mnadani, mpaka daktari wake wa figo aridhie.

Zamani kundi hili halikuonekana. Mtanzania aliyehitaji figo alipelekwa India, na waliofika huko walikuwa wachache. Novemba 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifanya upandikizaji wa kwanza nchini, ikishirikiana na madaktari wa hospitali ya BLK ya New Delhi. Machi 2018 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikafuata, ikisaidiwa na wataalamu wa Japani. Ni ushindi mkubwa wa nchi, ila waliopandikizwa hawabaki wodini; wanarudi makwao, na kwao si Dar es Salaam peke yake. Mkazi wa kata ya Nyamisangura, mjini Tarime, mkoani Mara, akiruhusiwa kutoka Muhimbili ana zaidi ya kilomita elfu moja za barabara hadi nyumbani. Akifika anakuta wauza dawa wenye vipaza sauti, na mpaka wa Sirari karibu. Shangazi amemchemshia mizizi kwa upendo. Jirani aliyejiunga na kampuni ya virutubisho naye amekuja kumjulia hali, kopo mkononi.

Kopo limeandikwa: huongeza kinga ya mwili.

Kwa mgonjwa huyu hakuna ahadi mbaya zaidi ya hiyo. Kila siku anameza takrolimasi, mara nyingi pamoja na mikofenoleti na prednisoloni, kwa kusudi la kuishusha kinga. Kinga yake ikipata nguvu kamili huitambua figo kuwa mgeni na kuishambulia. Mwaka 2020 na 2021, wakati wa korona, taifa zima lilihimizwa kuongeza kinga kwa tangawizi, malimau na vitunguu, na mwanzoni mwa Februari 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Dorothy Gwajima, alionyesha hadharani jinsi ya kuandaa kinywaji cha aina hiyo. Korona ikapungua, maneno yale yakabaki kwenye lebo.

Watetezi wa virutubisho wana hoja zao. Wanasema mitishamba ni urithi, inatambuliwa na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, na inapatikana mahali ambapo daktari hapatikani. Wanasema pia kwamba si kila jani linagombana na dawa, na hilo ni kweli: nchini Zimbabwe mlonge ulipimwa kwa watu wanaotumia nevirapini, dawa ya VVU, na haukuonekana kuivuruga kwa kiasi cha kutia hofu. Vema. Nevirapini si takrolimasi, na jani moja lililopimwa haliwezi kuyadhamini mamia ambayo hayajapimwa.

Hoja wanayoirudia kuliko zote ni kwamba bidhaa imepimwa na haina sumu. Hapo ndipo penye kosa, na ni kosa la zamani. Mwaka 2011 maelfu ya watu, wakiwamo wa Mara, walipanga foleni kijijini Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Wataalamu wa serikali walisema dawa ile haikuwa na sumu, na watu wakatulia. Kipimo hicho kilijibu kama kikombe kitamdhuru mnywaji. Hakikujibu kikombe kitaifanya nini dawa nyingine iliyomo tayari mwilini, na kwa aliyepandikizwa hilo ndilo swali lote.

Takrolimasi huvunjwavunjwa na kimeng'enya cha ini na utumbo kiitwacho CYP3A4. Ikipungua kidogo katika damu, mwili huikataa figo. Ikizidi kidogo, dawa yenyewe huiumiza figo ileile. Nafasi iliyopo katikati ni nyembamba, ndiyo maana madaktari hupima kiwango chake mara kwa mara. Mwaka 2000 jarida la Lancet lilichapisha habari za wagonjwa wawili wa Zurich waliopandikizwa moyo na kutumia siklosporini, dawa nyingine ya kushusha kinga inayovunjwa na kimeng'enya hichohicho. Walianza kumeza St John's wort, mmea unaouzwa Ulaya kwa ajili ya huzuni. Kimeng'enya kikachapuka, siklosporini ikashuka, miili ikaanza kuikataa mioyo. Mmea ule haukuwa na sumu. Balungi hufanya kinyume chake: hukizuia kimeng'enya na kuipandisha dawa. Manjano pia, yakitumiwa kwa wingi kuliko ya mchuzi, yamehusishwa na takrolimasi kupanda na kuumiza figo.

Tena mgonjwa hahisi kitu. Figo inaweza kuanza kukataliwa kimyakimya, na kinachoonyesha ni kreatinini kupanda katika kipimo cha damu. Kiwango cha takrolimasi hakipimwi katika zahanati ya kata. Hadi basi limfikishe kliniki, wiki zimepita, na kopo limeisha bila daktari kujua kwamba lilikuwepo.

Na wale wanaosema kitu cha asili hakidhuru wajue kwamba takrolimasi yenyewe iligunduliwa Japani mwaka 1984, katika bakteria wa udongo wa eneo la Tsukuba. Ni ya asili kama mzizi wowote. Kinachoitofautisha ni kwamba imepimwa, na kila kidonge kina kiasi kinachojulikana.

Nani basi anawajibika? Julai 2019 Mamlaka ya Chakula na Dawa (TFDA) iligeuzwa TMDA, ikabaki na dawa na vifaa tiba. Chakula kikahamia Shirika la Viwango (TBS). Tiba asili ina Baraza lake. Kopo likiitwa chakula linakwenda kwa mmoja, likiitwa dawa kwa mwingine, na mgonjwa anabaki katikati. Mpangilio huu haukubaliki. Mwili hausomi jina lililoandikwa kwenye kibali.

Wala asisimame mtu kudai kwamba ni hiari ya mgonjwa. Tanzania haina figo za marehemu. Figo hutoka kwa ndugu aliye hai, dada au kaka aliyelala kwenye meza ya upasuaji akiwa mzima na akaamka na figo moja. Figo hiyo ikifa, mgonjwa anarudi kwenye mashine ya kusafisha damu, na aliyetoa hana ya pili ya kutoa. Anayemuuzia kirutubisho bila kumuuliza anatumia dawa gani anaichezea sadaka ya mtu ambaye hayupo hata dukani.

TBS, TMDA na Baraza wakae meza moja, kila kopo na kila chupa ibebe onyo la Kiswahili kwa waliopandikizwa kiungo. Hospitali za rufaa zisitoe tiba asili kwa mgonjwa kabla ya kumuuliza anatumia dawa gani na kuliandika jibu kwenye faili. Nawe uliyepandikizwa, unapokwenda kliniki beba kila ulichopewa, na chai ya shangazi pia, umwonyeshe daktari kabla hujakinywa.