Sehemu ya 6: Geti la shule linaangalia wapi?

Mama zangu, hivi geti la shule ya mwanao linaangalia wapi? Kama ni barabara kubwa, soma hapa. Hapa Dar es Salaam shirika la Amend lilijaribu kitu kwenye mpango wa SARSAI: matuta, vivuko, njia za waenda kwa miguu, pengine hata geti kuhamishiwa barabara tulivu. Halafu wakapima, shule zilizorekebishwa wakazilinganisha na ambazo bado. Watoto wanaoumia barabarani walipungua kwa robo hivi.

Mimi ninayewasafisha vidonda nasema tunawafokea bure tu "angalia gari!" Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria mwendo wa bodaboda, jamani. Kikao cha wazazi kijacho, ulizia tuta kabla ya sare.