Macho ya leza: nani atamjibu mgonjwa baada ya miaka 20?

BUKAVU — Katika makundi ya WhatsApp ya mji huu matangazo hayaishi: safari ya Nairobi au India, siku chache za hoteli, dakika chache chini ya mashine ya leza, kisha miwani inatupwa. Bei imeandikwa kwa dola, namba ya wakala iko chini yake. Kinachokosekana ni jambo moja: jicho hilo litakuwaje baada ya miaka 10, baada ya miaka 20, na ni nani hapa Kivu atakayelipima akijua vizuri lilifanyiwa nini.

Wanaoipinga leza kabisa nao wanazidisha. Operesheni hii, inayoitwa LASIK, imesaidia watu wengi sana. Uchunguzi wa Marekani uliotangazwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 95 ya waliofanyiwa waliridhika na namna wanavyoona. Lakini uchunguzi huo huo unasema pia jambo ambalo wakala hatii katika tangazo lake. Kati ya wale ambao mbeleni hawakuwa na shida ya kuona vitu mara mbili, kuumizwa na mwanga mkali au kuona duara za mwanga kuzunguka taa usiku, zaidi ya 40 kwa kila 100 walikuwa na angalau shida moja ya namna hiyo miezi mitatu baada ya operesheni. Zaidi ya robo ya wale ambao macho yao hayakuwa makavu walianza kusikia ukavu. Kwa wengi shida hizo ni ndogo, na waliozuiwa sana katika kazi zao hawakufika hata mmoja kwa 100. Basi waambiwe hivyo hivyo, yote mawili.

Tena watu waelewe kazi yenyewe. Mganga anakata kifuniko chembamba juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, anakifunua, leza inapunguza sehemu iliyo chini yake, kisha kifuniko kinarudishwa. Kilichoondolewa hakirudi. Miwani isiyofaa mtu anaweza kuibadilisha sokoni Kadutu, konea haibadilishwi namna hiyo. Mishipa midogo ya fahamu iliyokatwa pale ndiyo inayoleta ukavu, na wakati wa kiangazi kila mtu wa Bukavu anajua vumbi la barabara zetu. Motari anayeshinda nalo usoni toka asubuhi mpaka usiku, kisha anarudi nyumbani akitazama taa za magari, ameulizwa anafanya kazi gani kabla ya kulipa?

Wasiwasi huu haukuletwa na watu wa kijijini wanaoogopa mashine. Morris Waxler alikuwa mkubwa wa tawi lililochunguza mashine hizo katika miaka ya 1990 ndani ya FDA, idara ya Marekani inayoruhusu dawa na vyombo vya hospitali. Mwaka 2011 aliiandikia idara hiyo akiomba ruhusa ya LASIK ifutwe. Idara ilikataa. Lakini mwaka 2022 FDA yenyewe ilitoa rasimu iliyotaka mgonjwa aelezwe hatari waziwazi kabla ya kukubali, na waganga wa upasuaji wakaja juu. Ikiwa Marekani, penye sheria na mawakili kila kona, watu bado wanabishana mgonjwa aambiwe nini, mtu wa Bagira anayefunga safari kwa ujumbe wa simu analindwa na nani?

Hatari kubwa kwa watu wa huku ni glakoma. Ugonjwa huu unaua mshipa wa jicho kimya kimya, na watu wenye asili ya Afrika unawapata zaidi, tena mapema. Asiyeona mbali naye yumo katika hatari zaidi. Njia moja ya kuutafuta ni kupima presha ya jicho, na chombo kinafanya hivyo kwa kugusa konea. Konea iliyopunguzwa na leza inadanganya kipimo: presha inasomeka chini kuliko ilivyo. Mgonjwa anaambiwa yuko mzima, anarudi nyumbani na furaha, na ugonjwa unaendelea. Leza imeondoa miwani, lakini jicho la ndani limebaki lile lile, na bado linahitaji kuangaliwa kila mara.

Kisha unakuja uzee. Aliyefanyiwa akiwa na miaka 25 atafika 45, na kusoma karibu kutamdai miwani tena, leza au pasipo leza. Baadaye, akipata mtoto wa jicho, mganga atahesabu nguvu ya lenzi ya kumwekea kwa kufuata umbo la konea. Umbo limebadilishwa, asipojua lilikuwaje zamani, hesabu inaweza kukosea.

Kuna na wachache ambao konea yao inaanza kuchomoza mbele, wakati mwingine miaka mingi baada ya operesheni, na kuona kunaharibika. Ndiyo sababu unene na umbo la konea vinapimwa kwanza, na mwenye konea dhaifu anakataliwa. Lakini wakala anayelipwa kwa kila kichwa atapata faida gani mtu akikataliwa?

Dawa ya sehemu kubwa ya shida hizi ni karatasi moja: namba za miwani ya mgonjwa kabla ya operesheni, umbo na unene wa konea kabla na baada, presha ya jicho, aina ya operesheni, tarehe, na sahihi ya mganga. Mganga wa Bukavu akiwa nayo anajua aanzie wapi. Asipokuwa nayo anabahatisha, na lawama zitamwangukia yeye, ilhali mashine iko mbali na wakala amebadilisha namba ya simu.

Karatasi hiyo inaingia mfukoni na haiongezi hata dola kumi juu ya safari. Wakala anayepokea pesa bila kuiahidi kwa maandishi aulizwe sababu, na aulizwe mbele ya kundi zima, pale pale alipobandika tangazo lake.