Mlango wa Ndani Unaojifungua Wenyewe



Juma hili tumeulizwa tena juu ya mlango wa chumba usiokubali kutulia: ukifungwa hujifungua, na usiku hulia kama kwamba kuna mtu apitaye. Hapa Hewani swali hili humfikia sheikh kabla ya fundi. Mama mkwe humshuku mkaza mwana kuwa anachungulia, mkaza mwana humshuku mama mkwe, na asiyemshuku mtu husema ni jini, akatafuta wa kumtoa kwa malipo. Sisi twaomba kwanza iletwe timazi.

Nyumba zetu zimesimama juu ya udongo wa mto, ufurao ukilowa na kupasuka ukikauka. Tangu mvua za El Nino za 1997, hata mafuriko ya 2018 na ya 2024, kuta zimelowa na kukauka mara nyingi. Mwimo ukiinama, japo kwa unene wa ukucha, mlango huvutwa na uzito wake kuelekea upande kilikoinamia kichwa cha mwimo.

Fungeni jiwe kwenye uzi, mlining'inize kando ya mwimo wenye bawaba, mtauona mwinamo. Ukiwa mdogo, chomoeni msumari wa bawaba moja tu, nyingine zikiwa zimeushika mlango. Ulazeni juu ya matofali mawili, mgonge katikati kwa nyundo upinde kidogo sana, kisha mwurudishe. Ukakasi wake utauzuia mlango kuteleza. Bawaba zisizochomoleka msumari, basi ile ya juu ihamishwe kidogo kinyume cha mwinamo. Mwinamo mkubwa ni kazi ya kuusimamisha mwimo upya. Na mwenye pupa ya kupiga randa baada ya mafuriko twamsihi angoje ukuta ukauke, asije akabaki na mwanya wakati wa kiangazi.

Jiwe la kuegemezea mlango hatulipendi. Mzee huamka gizani akalikwaa.

Jambo hili si dogo. Katika Suratun-Nur watoto wetu wameamrishwa kubisha nyakati tatu: kabla ya Alfajiri, adhuhuri watu wavuapo nguo, na baada ya Isha. Mtoto atajifunzaje kubisha mlango ambao daima u wazi? Palipo na pazia tu, hodi ipigwe kwenye mwimo, na angojwe wa ndani aitikie.