Asiyeandika Huandikwa na Wengine

Kuna watu wasemao kwamba habari za kale, za ndege na za mawe ni mchezo wa Wazungu wasio na kazi. Sisi twakataa. Tazameni majirani zetu wa Uganda.

Mwaka 1923 kilianzishwa huko Entebbe chama cha watu wapendao elimu. Mwaka 1933 kilipangwa upya, kikaitwa Uganda Society, na mwaka 1934 kikaanza kutoa gazeti lake, Uganda Journal. Humo ziliandikwa habari za wanyama, za mawe na za watu wa zamani. Mwaka ule ule E. J. Wayland, mjuzi wa mawe, aliandika juu ya mahandaki ya kale ya Bigo, karibu na mto Katonga. Kazi njema. Lakini je, wenyeji walingoja gazeti ili wayajue mahandaki hayo? Wazee walikuwa wakisimulia tangu zamani kwamba ni kazi ya Wachwezi.

Basi kati ya 1935 na 1937 zilitokea katika gazeti hilo habari za wafalme wa Bunyoro-Kitara, zimetiwa sahihi ya herufi mbili tu: K. W. Aliyeziandika alikuwa Tito Winyi, Mukama wa Bunyoro, mwana wa Kabalega. Hakungoja mgeni amwandikie babu zake.

Wengine husema: mfalme yule alikuwa akitetea nchi yake iliyonyang'anywa, kwa hiyo orodha yake haiaminiki yote. Sawa, ipimwe! Lakini neno lililoandikwa laweza kupimwa. Lililozikwa pamoja na mzee halipimwi kamwe. Na wageni walioandika juu yetu, wao hawakuwa na la kutetea?

Lawama yetu kwa chama kile ni nyingine. Gazeti lake lilikuwa la Kiingereza. Mzee aliyetoa habari hakuweza kusoma habari yake mwenyewe. Huko ni kuvuna shamba la mtu bila kumrudishia hata kikapu.

Sisi tusifanye hivyo. Daftari moja na kalamu vyatosha. Tuwaulize wazee majina ya miti, ya ndege, ya vilima na ya watemi. Tuandike kwa lugha yao, kisha tuwasomee, nao watusahihishe. Tuanze sasa, wangali hai.