Si kila ovu ni "kosa"

Neno la Kiingereza "blunder" likiandikwa ubaoni katika somo la tafsiri, wengi wetu tunajibu kwa sauti moja: "kosa". "Mistake" nalo? Kosa. "Offence"? Kosa tena. Naona jibu hili la haraka lina hasara kubwa kuliko alama tunazopoteza kwenye mtihani, na hasara hiyo inaonekana wazi katika habari za kwetu, Masisi na Walikale.

Tuanze na neno lenyewe. "Blunder" ni kosa la mtu aliyepaswa kuwa mwangalifu, naye hakutazama. Wataalamu wa asili ya maneno wanalihusisha na maneno ya Skandinavia yenye maana ya kufumba macho, na likiwa kitenzi bado linaweza kumaanisha kutembea kwa kujigongagonga kama aliye gizani. Wachezaji wa sataranji wanalitumia kwa hatua ya kizembe inayompotezea mtu kete, au mchezo wote. Anayelitumia anasema mambo mawili kwa pamoja: mtu huyu hakukusudia ubaya, ila hakujali vya kutosha.

Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Aliyesahau jambo bila kukusudia amepitiwa, au ameghafilika. Aliyetamka asilotaka kulisema, ulimi wake umeteleza. Aliyefanya kazi haraka haraka ili aimalize tu ameilipua, na aliyeivuruga ameiboronga. Aliyejua wajibu wake akaupuuza ni mzembe. Kisha kuna hatia, na kuna jinai. Lakini mazoea yametufanya tuyaache maneno haya kabatini na kubebesha "kosa" mzigo wote. Hata "foti", tuliyoiazima kwa Kifaransa, tumeibebesha vivyo hivyo.

Sasa twende Walikale. Kati ya 30 Julai na 2 Agosti 2010, watu wenye silaha walivamia vijiji 13 kwenye barabara ya Kibua kwenda Mpofi, Luvungi kikiwa kimojawapo. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulihesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Walinda amani walikuwa na kambi Kibua, kilomita 30 hivi kutoka Luvungi. Septemba mwaka huohuo, Atul Khare, mmoja wa viongozi wa idara ya ulinzi wa amani ya Umoja huo, alikiri mbele ya Baraza la Usalama kwamba hatua walizochukua hazikutosha. Na tarehe 23 Novemba 2020, mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi mojawapo lililohusika, kifungo cha maisha.

Kwa Kiswahili tulichozoea, naweza kuandika kwamba waasi walifanya makosa, na walinda amani pia walifanya makosa. Kisarufi sentensi zote mbili ni safi. Kimaana zimewaweka kwenye benchi moja waliobaka na wale ambao hawakufika kuzuia. Kwa hao wa pili tunaweza kubishana kama ni uzembe, upungufu wa uwezo au "blunder" hasa, na mjadala huo ni halali. Kwa wale wa kwanza hakuna mjadala: ile ni jinai.

Kuna atakayesema muktadha unatosha kutofautisha. Barazani, ndiyo, kwa sababu sote tunajua yaliyotokea. Lakini Katiba yetu ya 2006 inakifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Mama wa Masisi akisimama kutoa ushahidi na kusema "walitukosea", maneno yake yatavuka kwenda Kifaransa, na kutoka hapo pengine kwenda Kiingereza. Njiani kuna mkalimani, na huenda mkalimani huyo amesomea kwenye kitivo kama hiki. Akiandika "erreur", maumivu ya yule mama yamegeuzwa kuwa bahati mbaya, na msomaji wa Kinshasa au New York hatakuwa na muktadha wa kumsaidia.

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka, na methali hiyo ni ya huruma. Lakini aliyemsukuma mwenzake hawezi kujificha nyuma yake akadai ameteleza.

Kwa hiyo nawaomba walimu wetu watupe zoezi moja: tupange maneno haya kwa ngazi, kuanzia kupitiwa hadi jinai, tukieleza kila ngazi inamlaumu mtu kwa lipi. Wenzetu wanaozungumza Kihunde, Kinyanga, Kikumu na Kinyarwanda waongeze ya nyumbani kwao, maana huko ndiko ushahidi mwingi unakoanzia. Atakayemaliza zoezi hilo ataijua "blunder" vizuri zaidi. Na siku atakapoketi kati ya shahidi na hakimu, hatakuwa na neno moja tu mfukoni.